Mti Bora ni Bora kwa Nani?

Karatasi iliyo mkononi mwako, msomaji, ilikuwa mti. Yamkini hukupata kuliwaza jambo hili, kwa kuwa karatasi ni nyepesi na nyeupe, na mti ni mzito tena una magome. Walakini ukiuchambua mti ndani yake utakuta vitu viwili vikubwa vimeshikana. Kimoja ni selulosi, nazo ni nyuzi nyembamba zinazofanya karatasi. Cha pili ni lignini, ambayo huzigandisha nyuzi hizo na kuupa mti nguvu ya kusimama mbele ya upepo. Mtengeneza karatasi huzitaka nyuzi, na gundi ile haitaki. Basi huvichemsha vipande vya miti pamoja na dawa kali mpaka lignini iyeyuke, zibaki nyuzi katika hali ya rojo. Kazi hiyo hula moto mwingi, na dawa zake zisipotunzwa huchafua hewa na mito. Wakazi wa Webuye, magharibi ya nchi yetu, ambao waliishi kando ya kiwanda kikubwa cha karatasi tangu miaka ya 1970 hadi kilipofungwa mwaka 2009, waliijua vizuri harufu yake.

Kwa sababu hiyo si ajabu kwamba watu wametamani mti wenye nyuzi nyingi na gundi chache, unyooke, na ukue upesi. Njia ya kuupata ilijulikana zamani: chagua mti mzuri, uzalishe, ungoje, kisha uchague tena katika watoto wake. Taabu ilikuwa katika kungoja. Mkulima wa mahindi huona kizazi kipya kila msimu, lakini mzalishaji wa miti huweza kuzeeka kabla ya kuona kizazi cha tano cha miti yake.

Elimu ya siku hizi imefupisha kungoja huko. Ndani ya kila seli ya kiumbe hai mna maandishi ya urithi, na jumla ya maandishi hayo huitwa jinomu. Mwaka 2014 wataalamu wa nchi mbalimbali, wakiongozwa na Alexander Myburg wa Chuo Kikuu cha Pretoria, walitangaza kwamba wameisoma jinomu ya aina moja ya mkaratusi, yenye herufi milioni 640 hivi na jeni zaidi ya 36,000. Faida ya usomaji huo ni hii. Hupandwa miti mingi, ikaachwa ikue, ikapimwa urefu wake, unene wake na wingi wa nyuzi zake. Kisha alama za urithi za kila mti hulinganishwa na vipimo vyake. Baada ya hapo huchukuliwa jani la mche mchanga usiofika magotini, likasomwa, na mtaalamu akakadiria mche huo utakuwa mti wa namna gani. Usichanganye kazi hii na ile ya kutia jeni ngeni ndani ya mti, ambayo Brazili iliiruhusu kwa mkaratusi mwaka 2015. Katika kazi ninayoieleza hakitiwi kitu. Mti husomwa, na kusomwa huko husaidia kuchagua.

Niliwauliza wanafunzi wangu wa Kisauni kama jambo hilo ni haki. Wengi walijibu kwamba si haki, kwa sababu ni kuingilia uumbaji. Jibu hilo lina heshima ndani yake, na mwalimu hapaswi kulicheka. Lakini tulipotoka nje kwa mapumziko, wale wale waliojibu hivyo walikuwa wakila boribo na ngowe. Embe hizo hazikuanguka toka mbinguni katika hali ile. Mtu fulani wa zamani alionja tunda la mti mmoja, akalipenda kuliko mengine, akautunza mti ule. Na waliokuja nyuma wakabebesha kijiti chake juu ya shina la mwembe mwingine. Mwembe uliobebeshwa ni mwembe ule ule wa kwanza unaoendelea kuishi katika mashamba mengi. Mzee anayechagua nazi ya mbegu naye hufanya uteuzi. Kama kuchagua ni dhambi, basi wakosaji wa kwanza ni babu zetu, na ushahidi tunao mezani.

Nadhani taabu yenyewe imejificha katika neno bora, ambalo hutamkwa kana kwamba limekamilika peke yake. Kisu bora ni kile kinachokata, kwa kuwa kisu kilifanywa kwa ajili ya kukata. Mti haukufanywa na kiwanda. Ulikuwapo kabla ya karatasi, una maisha yake, na huwafaa wengi kwa namna nyingi. Tazama ile lignini ambayo mtengeneza karatasi anaiona kuwa adui. Ndiyo inayoupa ubao ugumu, na ikiungua hutoa joto jingi kuliko selulosi. Kwa hiyo mti uliopunguziwa lignini ili upendwe na kiwanda huwa kuni dhaifu zaidi kwa mpishi wa Changamwe anayekaanga viazi karai, na mjenzi wa Likoni anayetafuta boriti ana sababu ya kuutilia shaka. Sifa moja ya mti mmoja ni heri kwa huyu na hasara kwa yule, na jinomu yote ikisomwa toka herufi ya kwanza hadi ya mwisho, hukuti mahali palipoandikwa nani asikilizwe.

Historia ya mkaratusi katika nchi yetu ni ushahidi mzuri. Mti huu ni wa asili ya Australia, na uliletwa Kenya mwaka 1902 ili uwe kuni za garimoshi, katika reli ile iliyoanzia Mombasa na kupita Changamwe kwenda bara. Wakati huo mkaratusi bora ulikuwa ule unaowaka vizuri. Garimoshi la kuni likaisha, mkaratusi ukabaki. Ukawa nguzo za umeme, boriti, kuni za viwanda vya chai, na kule Webuye ukawa karatasi. Kiwanda kilipofungwa mikaratusi haikukosa kazi, kwa kuwa hakuna aliyekuwa ameifunga katika matumizi mamoja tu. Je, mti uliochaguliwa kwa ukali kwa ajili ya mnunuzi mmoja utafanya nini siku mnunuzi huyo atakapofunga mlango? Mwenye kiwanda huweza kukiuza, kama cha Webuye kilivyouzwa mwaka 2016, lakini mkulima hawezi kuuza miaka aliyoungoja mti.

Mtaalamu atanijibu kwamba kila haja ipewe mti wake, wa karatasi mbali na wa kuni mbali. Jibu hilo ni zuri kwa mwenye ardhi kubwa. Mwenye ekari mbili huko Kwale au Kilifi hana nafasi ya kupanda miti ya namna nne. Atapanda mche atakaopewa kitaluni, na mche huo ulichaguliwa kabla yeye hajaulizwa neno. Hapa ndipo ninapoona uzito wa jambo lote. Usomaji wa jinomu hauna upendeleo. Ukiuliza mti upi una nyuzi nyingi utajibiwa, na ukiuliza mti upi utavumilia ukame, au utanywa maji kidogo, au utatoa kuni nzuri, utajibiwa vile vile. Ila kila swali linagharimu fedha, na aghalabu mwenye fedha ndiye mwenye kuuliza. Majibu yanaweza kuwa kweli tupu yote, na bado watu wengi wakawa wamedhulumiwa kwa sababu swali lao halikuulizwa.

Mambo mawili yaliyotokea kwetu yaonyesha maswali yanayosahauliwa. Mwaka 1997 ilianza kuletwa kutoka Afrika Kusini mikaratusi chotara, ikakuzwa kwa vipandikizi huko Karura, Nairobi, na kuenezwa kwa wakulima. Chotara hizo zilipatikana kwa uzalishaji wa kawaida kabla jinomu haijasomwa, na zilikua upesi kwa namna ya kufurahisha. Mwaka 2002 akaonekana magharibi ya Kenya nyigu mdogo sana, anayetaga mayai katika vikonyo vya majani ya mkaratusi na kuyafanya yavimbe na kupindika. Baadhi ya mikaratusi ilidhurika sana na mingine ikapona. Shamba ambalo miti yake yote ni ya nasaba moja ni kama mtaa ambao milango yote ina ufunguo mmoja. Jambo la pili lilikuwa maji. Mwaka 2009, wakati wa ukame, Waziri wa Mazingira John Michuki aliagiza mikaratusi iliyo karibu na mito na chemchemi ing'olewe. Watu walibishana sana juu ya agizo hilo. Mimi naona kosa halikuwa la mti, maana aliyeupanda mtoni alifuata wepesi wa kukua, na mti hukua upesi kwa kunywa.

Sitaki uniweke miongoni mwa wapinzani wa elimu hii. Shule zinataka vitabu, na karatasi nyingi tunazotumia huteremshwa bandarini Kilindini kwa fedha za kigeni. Tena ekari moja ikitoa mazao ya ekari mbili, msitu wa asili unaweza kuachwa upumzike. Misitu ya kaya za Wamijikenda, kama Kaya Kinondo, iliyotiwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2008, imebaki michache na midogo. Nasema unaweza kuachwa, wala sisemi utaachwa. Kaya zilisalimika kwa kuwa zilikuwa na wazee wa kuzilinda, na wingi wa rojo hauwezi kufanya kazi ya mlinzi.

Mfano wa mti uliochaguliwa kwa swali la namna nyingine uko hapa hapa Kisauni. Huko Bamburi kiwanda cha saruji, kilichoanza kazi mwaka 1954, kilichimba mawe ya matumbawe na kuacha mashimo makubwa, hayana udongo, na maji yaliyo chini yake yana chumvi. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, René Haller, alijaribu humo aina 26 za miti. Zilisalimika tatu tu, na ulioshinda yote ulikuwa mvinje. Hakuuliza ni mti upi wenye faida kubwa sokoni. Aliuliza ni upi utakaoishi. Mizizi ya mvinje huishi pamoja na vijidudu vinavyoipa naitrojeni kutoka hewani, lakini majani yake yaliyoanguka yalikataa kuoza. Haller akaleta jongoo wenye miguu myekundu, wakayala majani hayo, na kinyesi chao kikawa mwanzo wa udongo. Baadaye mivinje ilipunguzwa ili miti ya asili ya pwani ipate nafasi kivulini mwake, na boriti zake zikatumika. Leo pale pana msitu, na yamkini umekwisha peleka macho yako kwa viboko na twiga wake bila kuitazama miti.

Zamu ya mvinje nayo imefika. Mwaka 2019 jinomu yake, yenye herufi milioni 300 hivi, ilitangazwa kuwa imesomwa. Kusini ya India mvinje hukatwa kwa ajili ya rojo la karatasi. Kwetu wakulima wa Kwale na Kilifi huupanda kwa boriti na kuni. Utafutwe mvinje wenye lignini chache, au wenye boriti ngumu, au unaostahimili chumvi kuliko mwingine? Maswali hayo hayawezi kujibiwa yote kwa mche mmoja. Mche utakaopandwa Kwale katika masika yajayo utakatwa wakati wewe umekwisha maliza shule, na orodha ya sifa zinazotafutwa katika mche wa baada yake ingali ikiandikwa.