Nasaba Yetu: Aibu ni ya Nani?



Ndugu wasomaji, mwaka umetimia tangu nianze kuandika nasaba ya ukoo wetu upande wa mama. Alhamdulillah, faida si haba. Nilianza na vizazi vitatu, leo daftari lina sita, na jamaa wa Rumonge na Ujiji ambao hatukuwajua sasa tunajuliana hali. Wenye kumbukumbu wengi wako Buyenzi, basi kila Ijumaa baada ya swala natoka hapa Rohero kwenda kuwasikiliza.

Kizazi cha sita ndicho kilicholeta swali. Baadhi ya jamaa husema babu yetu huyo alikuwa Mwarabu wa Oman. Wazee wawili, niliowauliza kila mmoja peke yake, wanasema sivyo: alikamatwa Manyema akiwa mtoto, akavushwa Ziwa Tanganyika, akauzwa Ujiji. Jina lake linaishia kwa "bin Abdallah", na baada ya hapo hakuna anayejua. Mara nyingi ndivyo alivyoitwa mtu ambaye baba yake hakujulikana: mwana wa mja wa Mungu.

Bibi aliposikia aliniambia, "Mjukuu wangu, hilo usiliandike. Dada yako anaposwa."

Hoja ya Bibi ina uzito. Dini yetu inatuamrisha kusitiriana. Na katika nchi hii swali la asili ya mtu si la mchezo. Mwaka 1972 na 1993 watu waliuawa kwa sababu ya walikozaliwa. Mwenye kuchimba nasaba ajue anachimba karibu na makaburi.

Lakini kinachositiriwa ni nini? Ni aibu, yaani ubaya alioutenda mtu. Mtoto aliyekamatwa hakutenda, alitendewa. Hamed bin Muhammed el-Murjebi, yule Tippu Tip aliyefanya biashara ya pembe na watumwa, aliandika maisha yake kwa Kiswahili na kusimulia vita na misafara yake kwa jina lake kamili. Ikiwa mwenye msafara hakuficha jina, kwa nini tumfiche aliyefungwa katika msafara? Tukifanya hivyo tunamtwika aliyeuzwa aibu ya aliyemuuza.

Bilal, radhi za Allah ziwe juu yake, alikuwa mtumwa Makka. Kila mtoto wa madrasa anajua, wala hakuna anayeona kwamba tumemvunjia heshima kwa kulisema. Surat al-Hujurat, aya ya 13, imeweka utukufu kwenye uchamungu, si kwenye ukoo.

Tena kunyamaza na kudai ni mambo mawili. Anayenyamaza anaweza kuwa na udhuru. Anayesema "sisi ni wa Oman" na hana ushahidi amejipachika kwa baba asiye wake, na Surat al-Ahzab, aya ya 5, inatuagiza watu waitwe kwa baba zao.

Kwa hiyo nimeandika. Kila habari nimeiwekea jina la aliyenisimulia na la aliyemsimulia yeye, nikifuata mfano wa isnadi za wanavyuoni wa Hadithi. Habari ya Oman pia nimeiandika, pamoja na maelezo kwamba hakuna aliyeweza kutaja ameipata kwa nani. Daftari halitasomwa kwenye posa. La kusema huko ni la dada na walii wake. Lakini mimi nikiulizwa, sitamtaja Mwarabu. Bibi bado hajaridhika, nami naendelea kumtembelea, kwa sababu nasaba inayokata udugu haina maana.

Ndugu yangu, wazee wako wangali hai? Waulize mapema, andika jina la kila msimulizi, na usimwonee haya babu yako kwa dhambi ya mtu mwingine.

Wallahu aalam.