Ramadhani, siku ya 9: Nani umemwacha amesimama?

Ndugu zangu, Allah azikubali swaumu zetu. Naandika nikiwa barazani hapa Shanwe baada ya alfajiri, na naandikia kitu hiki hiki ninachotaka kukizungumza: simu.

Juzi baada ya laasiri nilikuwa na watoto wa madrasa. Kila mtoto amefikia sura gani, naandika kwenye simu, daftari niliacha siku nyingi. Nikaifungua niandike. Juu kuna ujumbe wa mzazi, nikamjibu, hiyo ni kazi. Chini yake kuna mtu katuma kipande cha mpira, nikakigusa. Kikaja cha pili, kikaja cha tatu. Kuinua macho, kuna mtoto wa miaka tisa amesimama mbele yangu, juzuu kifuani, na mwenzake anamnong'oneza: "Subiri, ustadhi anaandika."

Nikamwambia, "Haya, soma." Sikusema zaidi ya hapo.

Ukifungua Suratul Jumu'a, aya ya 11, utakuta kisa cha Ijumaa moja Madina. Mtume (s.a.w.) amesimama anahutubia, msafara wa chakula ukaingia mjini. Watu wakatoka kuukimbilia. Jabir bin Abdillah anasimulia kwamba walibaki wanaume kumi na wawili tu. Na aya inataja vitu viwili vilivyowatoa: biashara na pumbao. Wafasiri wanaeleza kwamba msafara ukifika ulipigiwa ngoma, na ngoma ndiyo hilo pumbao.

Angalia vilivyokuja pamoja. Chakula ni haja ya kweli, na siku hizo dhiki ilikuwepo. Anayetoka anaweza kusema nakwenda kutafutia watoto, na akawa mkweli. Lakini ngoma nayo inalia. Nani alifuata chakula na nani alifuata ngoma? Mlango waliotokea ni mmoja. (Sisemi haya kuwatia kasoro Maswahaba, Allah awe radhi nao. Wao walifunzwa wakafunzika. Sisi je?)

Zamani kazi ilikuwa na mahali pake na mchezo mahali pake. Ukienda shamba, watu wanaona jembe. Ukienda kibanda umiza kutazama mpira, watu wanakuona pia. Sasa jembe na kibanda umiza viko kwenye kioo kimoja. Kuna wenzetu wanasema basi simu itupwe, ni shetani. Mimi sikubaliani nao. M-Pesa iliingia nchini mwaka 2008, na tangu hapo simu imekuwa pochi ya mtu. Wakala anakula kwayo. Bodaboda anaitwa na mteja kwayo. Mkulima wa Katavi anaulizia bei ya mahindi kwayo kabla hajakodi gari. Umwambie aitupe, watoto wake utawalisha wewe?

Wala kujiburudisha si dhambi. Hanzala (r.a.) alimwendea Mtume akilia kwamba amekuwa mnafiki, kwa sababu akirudi kwa mke na watoto moyo hauwi kama ulivyokuwa mbele ya Mtume. Hakukaripiwa. Alifundishwa kwamba ni saa hii na saa ile. Hadithi iko kwa Muslim. Tatizo langu ni kwamba kwenye simu hizo saa mbili zimekorogwa, sijui ipi imeanza na ipi imeisha.

Na hakuna mwingine anayejua. Hapo simu inafanana na swaumu. Ukiingia chumbani ukanywa maji, nani atakuona? Vivyo hivyo anayekutazama anaona kichwa kimeinama tu. Mkeo anadhani unajibu wateja. Tajiri aliyekuajiri anadhani unapiga hesabu, na saa zile umeshamuuzia. Hujamdanganya kwa neno hata moja.

Sasa nikuulize: ni uongo, kama hukusema kitu? Nimelizungusha swali hili siku mbili. Kisheria ningeweza kujitetea, diploma ya ualimu ninayo, maneno hayanipigi chenga. Lakini naona hivi: ukijua mtu anakudhania jambo, na dhana ile inakufaa, ukanyamaza ili iendelee kukufaa, umekwishasema. Yule mtoto alinipa heshima ya kazi wakati niko kwenye mchezo, nami nikaipokea. Dakika zake zilikuwa amana mikononi mwangu.

Jana nilikwenda madrasa na kaunta buku na kalamu. Majina nimeyahamisha yote, simu nikaiacha kwenye mfuko wa kanzu. Ikatetemeka mara nne, nilihesabu. Kisha nikamwita yule kijana pembeni nikamwambia, "Juzi ulipokuwa umesimama, mimi sikuwa naandika. Nilikuwa natazama mpira. Nisamehe."

Akaniangalia kidogo. Halafu akauliza, "Simba au Yanga, ustadhi?"