Ramadhani 12: Neno "Adhimu"


Jana kwenye tarawehe, katika rukuu, umesema "Subhana Rabbiyal Adhim" mara ngapi? Rakaa 20, mara tatu tatu: 60. Mzizi wa neno hilo, ain-dhaa-mim, ndio uliozaa pia "adhm", yaani mfupa, kitu cha ndani kinachobeba mwili. Kimo tu si adhama. Jumba la Beit al-Ajaib, alilojenga Sayyid Barghash 1883, sote tukiliona kubwa. Disemba 2020 sehemu yake ikaporomoka.

Na neno lenyewe twalitamka tumeinama, uti wa mgongo umelazwa. Kisha tunatoka mlangoni, hata makubadhi hatujavaa, tunamfokea mtoto wa watu aliyeyakanyaga. (Mimi huyo, juzi.) Suratul Qalam ilipomsifu Mtume s.a.w. kwa neno hili hili, ilisifu tabia yake.

Yule mtoto nitamtafuta leo, inshallah, kabla ya kufutari.