Kashe Iliyoachwa Mezani

Hapa Butembo, karatasi isiyo na kashe si karatasi. Hati ya kiwanja, kibali cha mzigo, cheti cha shule, vyote vinangoja lile duara la wino. Ndiyo maana mkuu wa ofisi anayeijua kazi yake huifungia kashe kabatini kila anapoinuka, hata kama anakwenda kunywa chai tu. Haogopi kwamba itaibwa. Anaogopa mtu atakayebaki nayo dakika tano, apige karatasi kumi, kisha airudishe pale pale. Jioni kashe ipo, na hakuna anayejua kilichopita.

Vijana wa Mususa hapa mjini na wa Beni wanaosimamia seriva za mbali wana kashe yao pia, na wengi wao huiacha mezani.

Kashe hiyo ni ufunguo wa SSH. Tatu Ylönen aliibuni SSH mwaka 1995 huko Finland, baada ya mtu kunasa nywila zilizokuwa zikipita kwenye mtandao wa chuo kikuu chake. Ufunguo wa siri unabaki kwenye laptopu yako, na mwenzake wa wazi unawekwa kwenye seriva. Ukibisha hodi, ufunguo wa siri hutia saini, mlango hufunguka, na siri yenyewe haijasafiri popote. Programu inayoushika ufunguo huo huitwa wakala. Kazi yake ni moja: akiombwa saini, anatoa. Hasomi karatasi.

Kisha mafundi wakapiga hatua nyingine. Kwa nini niandike nywila kila ninapotumia sudo, amri ya kuomba mamlaka ya root, yaani msimamizi mkuu wa mashine, wakati saini ninayo? Kuna moduli inayoiwezesha sudo ya seriva kumuuliza wakala wako aliye kwenye laptopu: huyu ni yeye kweli? Wakala anatia saini, nawe unapata mamlaka ya root. Nywila haiandikwi kwenye mashine ya mbali, na hilo ni jema. Lakini ili ulizo lifike kwako, lazima uiachie seriva njia ya kumfikia wakala. Njia hiyo ni soketi, faili dogo linaloonekana kwenye seriva hiyo. Yeyote aliye root kwenye mashine hiyo anaweza kulishika faili hilo na kuomba saini kwa jina lako, muda wote ulioingia.

Mwaka 2019 yaliwapata watu wasio wanafunzi hata kidogo. Matrix.org ni mradi wa mawasiliano, na usimbaji wa ujumbe ni sehemu ya kazi yao. Walikuwa na mashine ya pembeni ya Jenkins, programu ya kuunda na kujaribu programu nyingine, ambayo haikuwa imesasishwa. Mwezi Machi mtu aliingia kupitia hapo. Funguo za seriva kubwa hazikuwa kwenye mashine hiyo, wala hakuhitaji kuzitafuta. Alizipata saini: wahandisi walikuwa wakiingia pale huku wameiachia mashine njia ya kumfikia wakala wao, na mvamizi akaitumia njia hiyo kuzifikia seriva kuu. Tarehe 11 Aprili Matrix.org walizima huduma na kuwatoa watumiaji wote. Mtu huyo alikuwa amefika hadi kwenye hifadhidata yenye ujumbe usiosimbwa na heshi za nywila. Baadaye yeye mwenyewe aliwaandikia hadharani makosa yao: msiruhusu wakala kupelekwa mbele, na msimpe kila mhandisi mamlaka ya root kila mahali. Inauma kufundishwa na mwizi, lakini alisema kweli.

Sasa tulete jambo hili nyumbani. Mwishoni mwa Januari 2025 Goma iliangukia mikononi mwa waasi wa M23, na serikali ya jimbo letu ikahamia Beni. Fikiria fundi aliyefika Beni na laptopu yake, seriva ya ofisi yake ikabaki Goma ikiwaka. Hajui nani ameketi mbele ya kibodi kule. Aliye na mashine mikononi mara nyingi hupata njia ya kuwa root. Fundi akiingia na wakala wake nyuma yake ili sudo imkubali, amemwekea asiyemjua kashe mezani, na kashe hiyo inafungua pia seriva ya Kinshasa na ile ya Ulaya. Mashine ya namna hiyo haipelekewi wakala hata siku moja, hata kwa dakika mbili.

Ukitaka tu kupita kwenye seriva moja ili ufike ya pili, tumia ProxyJump: saini hutiwa kwenye laptopu yako, na ya katikati haipewi chochote. Ukilazimika kuitumia saini kwa sudo, tenga ufunguo wa kazi hiyo peke yake, na uupakie kwa ssh-add -c ili wakala akuulize wewe kwanza kila anapoombwa. Orodha ya funguo ambazo sudo inazikubali ikae kwenye faili la root, kamwe isikae kwenye folda ya mtumiaji. Ingekaa huko, mwizi aliyeingia kwa jina la mtumiaji angeongeza ufunguo wake mwenyewe na kujipandisha cheo. Na unapobadilisha mpangilio huo, acha dirisha la pili likiwa root hadi ujaribu la kwanza. Niliwahi kulifunga mapema. Sudo ikanikatalia, na mtu akalazimika kusafiri na kibodi hadi ilipo mashine.

Ndugu yangu, leo jioni kabla umeme haujakatika, fungua faili la ~/.ssh/config. Ukikuta mstari wa ForwardAgent yes chini ya Host *, ule unaoipa kila seriva njia ya kumfikia wakala wako, ufute.