Mwenye Jina na Kijana Mwenye Huzuni

Ndugu zetu, twaulizwa: mkubwa akiwaazima jina lake vijana waliougua nyoyo, ni hisani au ni ria? Mwanamfalme Harry wa Uingereza alisimulia hadharani mwaka 1917+100, yaani 2017, kwamba mamaye, Diana, alipofariki mwaka 1997, naye ana miaka 12, aliifungia huzuni moyoni, asitafute tiba mpaka miaka 28. Nia yake aijua Mola. Sisi hatukumpasua kifua. Lakini hakutoa jina tu. Aliitoa na siri aliyokuwa akiionea haya. Kwetu kijana akisema moyo wamwelemea, huambiwa imani yake haba, au ana shetani. Hayo husemwa barazani, na sisi wenyewe tumepata kuyasema.