Je, Mnyama Ana Haki Mbele ya Kamera?



Magari ya watalii yanayokwenda Musanze hupita Nyabugogo, chini kidogo ya kwetu Kimisagara, na baadhi ya wanaoyaendesha ni vijana tunaoswali nao safu moja. Udereva ni kazi ya Waislamu wa Kigali tangu zamani. Kwa hiyo swali hili si la wageni wenye kamera peke yao, linagusa na riziki yetu: mnyama wa porini ana haki gani mbele ya mtu aliyelipa ili amtazame?

Malipo yenyewe si madogo. Tangu 2017 mgeni hulipa dola 1,500 kuwaona sokwe wa milimani katika Hifadhi ya Taifa ya Volkano. Hupata saa moja tu, katika kundi la watu wasiozidi wanane, bila flashi, na kwa umbali uliowekwa. Lakini nyuma ya saa hiyo kuna kazi ya miaka: watu huiendea familia ya sokwe kila siku mpaka iache kukimbia. Huko huitwa kuwazoesha. Sokwe hakuulizwa.

Wanafunzi wenzangu wakisikia neno kamera hukimbilia suala la picha, halali au haramu. Hilo limejadiliwa sana. Sheikh Muhammad Bakhit al-Muti'i, aliyekuwa Mufti wa Misri, aliijuzisha picha ya kamera, na wanaompinga wana hoja zao. Naona tunabisha hodi mlango usio wenyewe. Anayeweza kudhurika hapa ni yule aliye mbele ya lenzi.

Al-Izz ibn Abd al-Salam, aliyefariki mwaka 660 Hijria, alizitaja haki za wanyama juu ya binadamu: wahudumiwe hata wakizeeka au kuugua na manufaa yao yakaisha, wasibebeshwe wasichokiweza, watoto wao wasichinjwe mbele ya macho yao. Alikuwa akizungumzia wanyama walio mikononi mwa watu. Je, sokwe aliyezoeshwa yuko upande gani? Hafugwi, wala halishwi na mtu. Lakini woga wake, ambao Mola alimpa uwe ngao yake, tumeuondoa sisi. Jangili naye ni mtu. Mafua yetu nayo humpata, ndiyo maana wageni huvaa barakoa. Aliyemvua mwenziwe ngao amejitwika dhamana ya kumlinda, na kwa njia hiyo sokwe huyu ameingia mikononi mwetu.

Utaniambia bila fedha hizo sokwe wangekwisha. Kwa sehemu kubwa nakubali: asilimia 10 ya mapato ya utalii wa hifadhi huenda kwa wakazi jirani, na mtu hamlindi mnyama akiwa na njaa. Lakini kanuni tunayoisoma darasani hutanguliza kuzuia madhara kuliko kuleta manufaa. Nami siogopi ile saa moja. Naogopa dakika ya sitini na moja.

Dereva mmoja wa mtaani kwetu alinisimulia habari ya wageni wake kule Akagera, waliotaka aache barabara awasogeze karibu na simba aliyelala. Noti zilikuwa zimeshatoka mfukoni. Akaniuliza: "Ustadhi, nikizichukua, si bakshishi tu?" Nilimwambia shukrani baada ya kazi ni zawadi, ila fedha ya kukufanya uvunje amana ni rushwa, hata kama anayedhulumiwa hana mahakama ya kwenda. Yule ndege aliyenyang'anywa makinda yake naye hakuwa na lugha ya kushtaki. Alipigapiga mbawa tu, na Mtume (s.a.w.) akaamuru arudishiwe.

Akanyamaza. Kisha akauliza mgeni akikasirika na kumlalamikia kwa tajiri wa gari, ada ya shule ya wanawe itatoka wapi. Hilo nalo ni swali la fiqhi, na bado sijalisikia likijibiwa mimbarini.