Kasoro ya Damu na Lawama ya Watu

Mtunzi wa shairi anajua kuwa silabi moja ikibadilika, beti zima huweza kugeuka maana. Damu nayo ina utunzi wake. Himoglobini, protini inayobeba oksijeni ndani ya chembe nyekundu, imeundwa kwa minyororo minne. Kila mnyororo wa beta una vipande 146 vya asidi amino. Kipande cha sita kikiwa valini badala ya asidi ya glutamiki, protini huweza kugandana na chembe ikapinda mfano wa mundu. Mtoto aliyerithi kasoro hiyo kwa baba na kwa mama huugua selimundu.

Je, kasoro hiyo ni uovu? Mwaka 1954, Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alionesha kuwa aliyeirithi kwa mzazi mmoja tu hukingika zaidi na malaria. Ndiyo sababu ilienea pwani na kandokando ya Ziwa Viktoria, ikawa adimu nyanda za juu. Kinachomtesa mmoja ndicho kilichowanusuru wengi.

Molekuli haina nia, basi haina dhambi. Lawama humstahiki mwenye hiari. Mama anayenyooshewa kidole hakuchagua damu yake, wala mwanawe hakuchagua. Mwenye hiari ni jamii. Ikiwa kinga ya wengi na maumivu ya wachache vyatoka chanzo kimoja, kumuuguza mgonjwa si sadaka, bali ni kulipa deni.